Saki ya makala haibebi pumzi: namna ya kuchagua mfuko wa vyombo vya kupiga mbizi

Mkubwa wangu ni mpiga mbizi. Tulizaliwa Uvira, na tangu utoto alizoea kushuka majini kukamata kwa wavu samaki wadogo wa rangi, wale wanaosafirishwa Ulaya na Marekani wakawekwe ndani ya vioo vya sebuleni. Baadaye alifunzwa kutumia mtungi wa hewa. Siku hizi huitwa na watafiti wanaohesabu samaki kwenye miamba ya ziwa Tanganyika, na kazi hiyo ndiyo inayolisha nyumba, pamoja na kulipa sehemu ya masomo yangu. Vyombo vyake ni kama jembe la mkulima: vikiharibika, hakuna mavuno.

Miaka mitatu iliyopita aliitwa Kalemie kwa kazi ya siku nne. Mimi nilikuwa nyumbani likizoni, nikajitolea kumfungia mzigo. Mfuko maalumu hatukuwa nao. Nikatafuta saki ya makala, nikaifua mara mbili, nikaianika, nikatia ndani vyombo vyote kimoja juu ya kingine, nikaishona mdomo kwa kamba. Katika meli iliyotoka Kalundu wapagazi waliiona kuwa saki kama saki nyingine. Wakaiweka chini, juu yake wakapanga magunia ya ndagala.

Alipoifungua Kalemie, kioo cha barakoa kilikuwa kimepasuka. Kipande cha mpira kinachoshikwa kwa meno kilikuwa kimechanika. Bomba linaloleta hewa kutoka kwenye mtungi lilikuwa limekunjwa kwa nguvu pale linapoingia ndani ya chuma, hata nyufa zikaonekana. Akalifunga kwenye mtungi, akalizamisha ndani ya beseni la maji, na mapovu yakaanza kupanda. Ndani ya mdomo wa kipumulio akakuta vumbi jeusi la makala. Siku hiyo hakushuka majini, wala siku iliyofuata, mpaka alipoazimwa vyombo vya mtu mwingine. Alilipwa siku mbili badala ya nne. Aliporudi hakunigombeza. Alinirudishia saki yangu, akasema: "Mudogo, hii ni saki ya makala. Haiko ya pumuzi."

Tangu siku hiyo nimejifunza habari ya mifuko kuliko nilivyotarajia. Nimeona si vibaya kuieleza hapa, kwa sababu mbili. Kwanza, wenzetu kadhaa wa kitivo hiki huajiriwa kama wakalimani wa watafiti wanaokuja ziwani, na mkalimani ndiye anayeambiwa kwanza "shika mzigo huu". Pili, nitaonyesha kwamba kuchagua mfuko kunahusu maneno pia, na kosa la neno laweza kukuzuia mpakani kama kosa la mizani.

Kwanza, ujue unachobeba

Mtu asiyejua kitakachoingia ndani ya mfuko hawezi kuuchagua. Vyombo vya mpiga mbizi ni hivi. Kuna kipumulio, yaani chombo kinachopunguza nguvu ya hewa ya mtungini ili mtu aweze kuivuta kwa mdomo. Pamoja na mabomba yake kina uzito wa takriban kilo 2. Kuna jaketi linalojazwa hewa na kutolewa hewa ili mtu aelee au ashuke, kilo 3 hadi 4. Kuna mapezi ya miguuni, kilo 2 hivi kwa jozi. Kuna suti ya mpira inayohifadhi joto la mwili, kilo 2. Kuna barakoa na bomba lake dogo, viatu vya mpira, taa, na kompyuta ndogo ya mkononi inayohesabu kina na muda. Ukijumlisha, utapata kama kilo 12.

Vitu viwili havimo katika hesabu hiyo: mtungi na mkanda wa vyuma vizito unaomsaidia mtu kushuka. Mtungi wa alumini wa lita 11 una uzito wa kilo 14 hivi ukiwa mtupu, na kila mahali panapofanyika kazi hii mtungi hukodishwa huko huko. Vyuma vizito vilevile. Kanuni ya kwanza ni hiyo: usinunue mfuko wa kubebea vitu utakavyovikuta mbele.

Baada ya uzito, pima urefu. Chombo kirefu kuliko vyote ni pezi. Mapezi mengi yanayovaliwa pamoja na viatu yana urefu wa sentimita 60 hadi 65. Kwa hiyo mfuko ambao ndani haufiki sentimita 70 haufai, hata ukiwa mzuri namna gani. Nenda sokoni ukiwa na pezi moja mkononi. Mwenye duka atakucheka, lakini utarudi nyumbani na mfuko unaofaa.

Kifuko, mfuko, fuko

Lugha yetu ina njia yake ya kupanga ukubwa wa vitu kwa kubadilisha ngeli. Mfuko uko katika ngeli ya m-/mi-. Ukiupeleka katika ngeli ya ki-/vi- unapata kifuko, kitu kidogo. Ukiuondolea kiambishi na kuupeleka katika ngeli ya ma- unapata fuko, kitu kikubwa. Nilipokuwa nikitafuta namna ya kumweleza mkubwa wangu aina za mifuko, niliona kwamba ngeli hizo tatu zinatosha kabisa. Msafiri wa kupiga mbizi anahitaji vyote vitatu, na kosa langu lilikuwa kutaka kimoja kifanye kazi ya vyote.

Kifuko ni cha kipumulio. Kiwe na sponji pande zote, kiwe cha duara au cha mraba, kipana kiasi cha kuruhusu mabomba yalale kwa mzingo mpana bila kukunjwa. Bomba halipasuki katikati. Linapasuka pale linapoungana na chuma, kwa sababu hapo ndipo linapopinda. Ndani ya kifuko hicho huingia pia kompyuta na, kama nafasi ipo, barakoa ikiwa ndani ya kisanduku chake kigumu. Kifuko hakitoki mikononi mwa mwenyewe. Katika ndege kinakaa naye ndani, katika meli kinakaa mapajani, katika gari hakipandishwi juu ya paa. Kama fedha inatosha kununua kitu kimoja tu, nunua hiki.

Mfuko ni wa wavu. Huu ni wa kutoka ufukweni hadi kwenye mtumbwi na kurudi. Matundu yake yanaachia maji na mchanga, na vyombo vikilowa vinapata upepo. Ni mwepesi, unakunjika, na bei yake si kubwa. Lakini si mfuko wa safari ndefu: kila msumari na kila ndoano ya meli inaukamata, na kila apitaye anaona kilichomo. Wengine hutumia mfuko usiopenya maji, ule unaofungwa kwa kukunjwa mdomo mara tatu. Huo ni mzuri kwa nguo kavu, simu na karatasi, lakini ukitia suti mbichi ndani yake na kuufunga, kesho utafungua harufu.

Fuko ndilo la safari. Hapa kuna aina mbili kubwa. La kwanza lina magurudumu na mgongo mgumu. Tupu lina uzito wa kilo 4 hadi 5. La pili ni la kitambaa kizito bila magurudumu, lenye mikanda ya kubebea mgongoni. Tupu lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Anayetoka uwanja mmoja wa ndege wenye sakafu laini kwenda mwingine, akapokewa na gari la hoteli, atafurahia magurudumu. Anayetoka Uvira hatembei juu ya sakafu laini. Mchanga wa ufukweni, matope ya bandarini na ubao mwembamba wa kupandia melini havijui gurudumu. Pale mtu anabeba mgongoni, na hizo kilo tatu za ziada anazibeba mwenyewe.

Kwa hiyo swali si fuko gani ni zuri kuliko yote. Swali ni njia yako ikoje. Andika safari yako hatua kwa hatua: pikipiki, meli, mtumbwi, ndege, ngazi. Kila hatua jiulize nani atashika mzigo, na kwa namna gani. Fuko linalofaa ni lile linalovuka hatua mbaya kuliko zote.

Kitambaa, zipu na mishono

Dukani usiangalie rangi. Geuza fuko, utazame chini yake. Mahali linapogusa ardhi panatakiwa pawe na kitambaa cha pili au mpira. Kitambaa kilichopakwa plastiki, kama turubai la lori, hakipitishi maji na husafishwa kwa kitambaa kibichi, ila ni kizito na hakipumui. Nailoni na poliesta nene ni nyepesi zaidi na hukauka upesi, ila maji hupenya kwenye mishono. Kwa vyombo vinavyolowa kila siku, maji kupenya si kosa kubwa. Kosa ni maji kukosa pa kutokea. Tafuta matundu madogo ya chuma au ya wavu chini ya fuko. Hayo ndiyo mlango wa maji.

Kisha shika mikono ya fuko, uvute kwa nguvu mbele ya muuzaji. Mkono mzuri haukushonwa pembeni tu. Mkanda wake unazunguka chini ya fuko na kurudi upande wa pili, ili uzito ukae juu ya mkanda na si juu ya uzi. Fuko liwe na mkono kwenye kila kichwa pia, kwa sababu mzigo mzito hubebwa na watu wawili, na mtu asiyeona pa kushika atashika zipu.

Zipu, au tireti kama wengi tunavyosema kwetu, ndiyo inayokufa kwanza. Zipu ya chuma ni imara nchi kavu, lakini maji ya bahari huila: chumvi hukauka katikati ya meno, kutu huanza, na siku moja haifunguki. Zipu ya plastiki yenye meno makubwa inavumilia zaidi. Ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo mtu wa Uvira au Kalemie anaweza kukaa miaka bila kuona tatizo hilo, halafu akaliona wiki ya kwanza anapofika pwani. Chagua zipu yenye vichwa viwili vinavyokutana, vyenye tundu la kutia kufuli dogo.

Jambo la mwisho dukani: fuko lisitangaze. Picha kubwa ya mzamiaji na maneno makubwa ya kiwanda humwambia mwizi kwamba ndani kuna vitu vya bei. Fuko jeusi lisilo na neno, lenye kitambaa cha rangi kali kilichofungwa mkononi ili mwenyewe alitambue, linafika salama mara nyingi zaidi.

Mizani ya uwanja wa ndege

Mashirika mengi ya ndege hukubali mzigo mmoja wa kilo 23 kwa tiketi ya kawaida, na jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sentimita 158. Hata ukilipa ziada, mzigo mmoja haupiti kilo 32, kwa ajili ya afya ya migongo ya wanaobeba. Kanuni za kila shirika husomwa kwenye tiketi kabla ya kununua fuko.

Tuhesabu. Fuko lenye sentimita 75 kwa 40 kwa 35 lina jumla ya sentimita 150, na ndani yake mna lita 105. Linatosha. Vyombo ni kilo 12. Fuko la magurudumu likiwa na kilo 4 na nusu, umefika 16 na nusu. Zimebaki kilo 6 na nusu kwa nguo, vitabu na zawadi. Ukichukua fuko jepesi la kilo moja na nusu, zinabaki 9 na nusu. Na kama kipumulio kimeingia nawe ndani ya ndege, unapata kilo 2 nyingine.

Kuna vitu ambavyo mahali pake pamewekwa na sheria, si na matakwa ya msafiri. Betri za akiba za taa, zile za lithiamu, haziruhusiwi chini kwenye shehena. Zinakaa nawe ndani, kila moja imefunikwa ncha zake. Zile zenye nguvu ya kupita wati-saa 100 zinahitaji ruhusa ya shirika. Kisu cha mpiga mbizi ni kinyume chake: kinakwenda chini, hakiingii ndani. Mtungi, kama kuna sababu ya kuusafirisha, uwe mtupu na kichwa chake kimefunguliwa, ili mkaguzi aone ndani kwa macho yake.

Majina mpakani

Hapa ndipo nilipopata kazi yangu. Mwaka jana mkubwa wangu alipata nafasi ya kwenda Unguja kwa mafunzo ya juu. Safari ingepita Bujumbura, kisha ndege hadi Dar es Salaam, kisha meli. Nilimwandikia orodha ya vyombo kwa Kifaransa na Kiswahili, nakala mbili, moja ndani ya fuko na moja mfukoni. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Ilinichukua siku mbili, kwa sababu ya maneno manne.

Neno la kwanza ni chupa. Katika Kifaransa cha wapiga mbizi, mtungi huitwa kwa neno lile lile la chupa. Mkubwa wangu na wenzake hutafsiri hivyo hivyo: "chupa yangu imeisha". Lakini ukiandika chupa katika orodha, afisa wa duane atatafuta kinywaji. Neno ni mtungi. Kila nyumba inayopikia gesi inalijua.

Neno la pili ni oksijeni. Watu wengi, hata walioenda shule, husema mpiga mbizi anabeba oksijeni. Habebi. Anabeba hewa ya kawaida, ile tunayovuta sasa, iliyoshindiliwa kwa nguvu ya kama mara 200 ya kanieneo ya hewa. Oksijeni tupu, mtu akiivuta chini ya mita 6 hivi za maji, inaweza kumtia degedege na kumzamisha. Na mbele ya mkaguzi wa ndege, oksijeni ni mzigo wa hatari wenye kanuni zake. Kusema oksijeni mahali pa hewa ni kujishtaki kwa kosa ambalo hukufanya.

Neno la tatu ni risasi. Vyuma vizito vya mkanda hutengenezwa kwa madini ambayo Kiswahili huita risasi. Na risasi, kila mtu wa Kivu anajua, ni ile inayotoka kwenye bunduki. Fikiria mtu wa Uvira anafika kizuizini, askari anamwuliza fuko lina nini, naye anajibu kwa Kiswahili sanifu kabisa: "Nina kilo sita za risasi." Kamusi itamtetea, lakini kamusi haipo kizuizini. Niliandika "vyuma vya uzito", na kwa bahati njema hakuvibeba.

Neno la nne sikuliona mapema. Kwenye fomu ya kuingia Tanzania kuna mahali pa kuandika kazi. Mkubwa wangu aliandika "mzamiaji". Kwetu ni neno safi: kuzama, kuzamia, mzamiaji, minyambuliko ya kawaida ya kitenzi. Lakini huko, miaka mingi sasa, kuzamia ni pia kujificha melini au kuingia nchi ya watu bila karatasi, na mzamiaji ni mtu wa namna hiyo. Afisa aliyeisoma fomu alimtazama, akamtazama tena, akamwita mwenzake. "Bwana, wewe ni mzamiaji na umekuja kutuambia mwenyewe?" Wakacheka wote, akafungua fuko, wakaona mapezi. Akaandika upya: mpiga mbizi. Ilichukua dakika tano na kicheko kimoja. Mahali pengine na siku nyingine ingechukua zaidi.

Watu wa Kifaransa nao hawana haki ya kutucheka. Neno lao skafandri liliundwa mwaka wa 1775 na kasisi de La Chapelle, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, mtumbwi na mtu. Chombo alichokiita hivyo kilikuwa vazi la kuelea, si la kushuka. Chombo cha kupumulia kilichotengenezwa na Cousteau na Gagnan mwaka wa 1943, ambacho ndicho baba wa vyombo vya leo, kilirithi jina la kitu kilichozuia watu wasizame.

Kupanga na kukausha

Fuko zuri likipangwa vibaya linarudi kuwa saki. Mapezi yasimame pembeni, moja kila upande. Ni magumu, yanakuwa kuta za ndani. Suti ilazwe chini, na sehemu yake ipande pembeni kama godoro. Jaketi, likiwa limetolewa maji na hewa yote, likunjwe mara moja na kuwekwa katikati. Viatu vijazwe soksi na vitu vidogo. Juu kabisa weka orodha, ili anayefungua aanze kusoma kabla ya kuvuruga.

Kipumulio kabla ya kuingia ndani ya kifuko chake kifunikwe kile kizibo kidogo kinachokaa mahali pa kuungana na mtungi, na kizibo hicho kikaushwe kwanza. Maji yakiingia hapo yanaharibu ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Kwenye meli na mitumbwi ya ziwa letu kuna hatari nyingine ambayo vitabu vya pwani haviitaji sana: bido za esansi. Mafuta hula mpira, na harufu yake ikiingia ndani ya kipumulio mtu ataivuta chini ya maji. Kaa mbali nazo, hata ikibidi kusimama safari nzima.

Usifunge vyombo vibichi kwa safari. Hapa mwili na mfuko vinataka kitu kimoja, yaani muda. Wataalamu wa afya ya wapiga mbizi hushauri mtu asipande ndege mapema: angalau saa 12 baada ya kushuka mara moja tu, na angalau saa 18 baada ya siku kadhaa za kushuka, kwa sababu naitrojeni iliyoingia mwilini inahitaji muda wa kutoka. Na si ndege pekee. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, Bukavu iko karibu mita 1,500. Anayezama Uvira mchana na kupanda gari la Bukavu jioni ile ile anapanda mlima kabla mwili wake haujamaliza kazi. Basi zitumie saa hizo 18 kusuuza vyombo kwa maji safi, hasa vilivyotoka baharini, na kuvianika kivulini. Jua kali hukausha haraka lakini huzeesha mpira. Fuko lenyewe nalo ligeuzwe ndani nje, zipu isuguliwe kwa mswaki wa zamani.

Tulichonunua

Mwishoni tulinunua fuko la kitambaa bila magurudumu, la mtumba, kwenye soko la Bujumbura. Lilikuwa na zipu ya plastiki na mkanda unaozunguka chini. Kifuko cha kipumulio alikishona fundi wa Uvira kwa vipimo vyetu, kutokana na turubai na sponji ya godoro kuukuu. Kilituchukua siku moja na bei yake haikufika robo ya kile cha dukani. Mfuko wa wavu alikuwa nao tayari: ule ule aliokuwa akitilia samaki wa rangi.

Alirudi kutoka Unguja baada ya wiki tatu. Nilifungua fuko mwenyewe, nikatoa kitu kimoja kimoja, nikitazama mabomba mahali yanapoungana na chuma. Hayakuwa na ufa. Tukafunga kipumulio kwenye mtungi, tukakitia ndani ya beseni lile lile, tukasubiri. Hakuna povu lililopanda. Mkubwa wangu akafunga mtungi, akaniambia nikaianike suti.